Nilivyobomolesha ukuta wa kibla kwa dira ya serikali, Likoni

Wakuu, salaam kwenu. Haya yalinifika mwenyewe. Mashahidi wengi wameshazikwa, kwa hivyo kuniamini ni hiari yenu. Naandika kwa kidole kimoja, msinihimize.

Ilikuwa Likoni, miaka ya karibu na Uhuru. Nilikuwa kibarua wa serveya, kazi yangu kuburura mnyororo wa kupimia. Wiki hiyo niliazimwa dira, nikaivaa shingoni. Wallahi, ungedhani nimefanywa gavana.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mwanaidi, binti wa Fundi Omari mwashi. Jibu bado. Mzee alikuwa anajenga msikiti mdogo mtaani, na ukuta wa kibla umefika magotini.

Kwa wasiojua: kibla ni upande wa Makka, na kwetu Makka iko kaskazini, moja kwa moja. Fundi Omari aliipata kwa fimbo na kivuli. Alichora duara kuizunguka fimbo, akatia alama kivuli kilipoligusa asubuhi, na kilipoligusa tena alasiri. Mstari wa kutoka kwenye fimbo kupita katikati ya alama mbili ndio wa kaskazini na kusini.

Ushamba mtupu, nikasema moyoni.

Nikaweka dira mbele ya watu. Sifuri ndiyo kaskazini, na ukuta ulielekea namba iliyozidi kidogo. "Shikamoo baba. Ukuta huu umepinda."

"Marahaba. Umepinda vipi?"

"Sindano haisemi uongo. Ni ya serikali hii!"

Imamu akasema tofauti ndogo haiharibu swala. Lakini Fundi Omari hakuweza kulala na ukuta uliopinda. Akabomoa mwenyewe, jiwe kwa jiwe, akaanza upya. Nami nimesimama, naelekeza kwa kidole.

Jumatatu nikajigamba ofisini. Karani wa ramani akacheka mpaka akavua miwani. Akanionyesha pembeni mwa ramani mishale miwili: mmoja wa kaskazini halisi, wa pili wa sumaku, umelalia magharibi kidogo.

"Kwetu sindano huvutwa magharibi," akasema. "Usomacho kwenye dira, toa tofauti hii. Na utazame mwaka wa ramani, maana tofauti yenyewe hubadilika."

Nikachukua namba niliyoisoma kwenye ukuta wa kwanza wa mzee. Nikatoa tofauti ile.

Ikabaki sifuri.

Wakuu, pimeni wenyewe. Nikinyamaza, naoa, na mtaa mzima unaswali kwa upotofu wangu. Nikisema, nimemkosa Mwanaidi.

Siku ya tatu nikamwendea Fundi Omari. "Baba, ukuta wako wa kwanza ndio uliokuwa sawa. Mimi ndiye niliyepinda."

Akanyooshea kidole dira shingoni mwangu. "Vua hicho kidude. Mawe yale pale."

Nilibomoa, nikabeba mawe, nikakoroga chokaa mpaka mikono ikachubuka. Ukuta uliporudi magotini akasema, "Mwambie babako aje tuzungumze. Ila dira isiingie kwangu."

Funzo: kabla hujamsahihisha mtu, jua kwanza chombo chako kinakosea kwa kiasi gani, na upande gani.

Bi Mwanaidi yuko hapa kando anamenya muhogo. Mpaka leo nikimwambia nina hakika na jambo, huniuliza, "Kaskazini ipi?"

Nanyi je, nani ameshabomoa cha mtu kwa hakika yake? Semeni, nitasoma polepole.