Kitovu cha Mwanangu na Kamati ya Maadili

Mama mkwe wangu alishuka mjini kutoka Marangu na ndoo tupu yenye mfuniko. Siku zangu za kujifungua zilikuwa zimekaribia, na ndoo ilikuwa ya kubebea kondo la nyuma. Kwake yeye, mtoto hajafika duniani mpaka kondo na kitovu chake vizikwe chini ya mgomba kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Kliniki tulimkuta daktari kijana, mtafiti. Aliomba damu inayobaki kwenye kitovu mtoto akishazaliwa, kwa utafiti wa seli shina, zile seli changa ambazo huenda siku moja zikatibu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nilikubali moyoni kabla hajamaliza. Mdogo wangu, anayeishi Soweto ya hapa mjini, ana selimundu, na nimechoka kumsikia akilia mifupa.

"Shikamoo, mama," daktari alimsalimu mkwe wangu.

"Marahaba. Kitovu hakiendi popote."

Daktari akaeleza kwamba kamati ya maadili ya utafiti ilishapitisha ombi lake.

"Kwenye hiyo kamati kuna mama mkwe hata mmoja?"

Daktari akasema hana uhakika.

Mama akampigia simu mchungaji wake, sauti juu, benchi zima likasikiliza. Mchungaji akakemea watu wanaochezea viinitete, mimba changa za maabara. Alipoambiwa hakuna kiinitete, ni damu ya kitovu tu, akasema hilo bado hawajafundishwa kwenye semina, akatuombea wote, akakata.

Mimi nimekaa katikati na tumbo langu, sijaulizwa na mtu. Hasira zikanipanda. Nikasema damu naitoa, na kitovu kikishatolewa damu kirudi kwenye ndoo.

Mama akakubali, kwa sharti. Kwao ukipewa mche wa mgomba na jirani, mkungu wa kwanza unampelekea yeye. "Basi dawa ikipatikana," akamwambia daktari, "wa kwanza kupewa awe mdogo wake huyu."

Daktari akasema ukweli: hawezi kuahidi, utafiti huchukua miaka mingi.

"Mgomba wangu hauna kamati," Mama akajibu.

Nilijifungua salama; daktari akachukua damu ya kitovu, kitovu kikarudi kwenye ndoo pamoja na kondo. Tulipopanda Marangu, ndoo ilikaa kiti cha mbele, mapajani mwa Mama. Mimi na mtoto tukabanana nyuma na mizigo. Mama akavizika kondo na kitovu chini ya mche mpya wa mgomba.

Mgomba ule ulipozaa, aliukata mkungu mwenyewe, akaniwekea mlangoni.

"Mpelekee mdogo wako," akasema. "Daktari bado anachunguza."