Boya Lililokataa Kuyumba

Asubuhi, maji yakiwa yamemfika kiunoni, mwanamke mmoja analisukuma pipa la buluu kwa bega huku akiligombeza.

"Yumba basi, mvivu wewe! Nimekulisha nati na bolti msimu mzima, leo unanikalia kama mgeni rasmi?"

Pipa limenyooka wima. Linapanda na wimbi, linashuka na wimbi, basi. Kule ufukweni, taa ndogo ya kujaribia iliyofungwa kwenye waya wake haitoi hata cheche.

Watu wanamwita Fundi Friji, kwa sababu majokofu ya wauza samaki ndiyo yanayomlisha. Mwezi mzuri anatengeneza sita, mwezi mbaya anatengeneza lake mwenyewe. Kinachobaki kinaishia kwenye maboya haya ya umeme anayoyabuni nyuma ya nyumba. La kwanza lilivuja. La pili lilikata kamba likaenda zake, halikuaga.

Ndani ya pipa ananing'iniza chuma kizito. Wimbi likiliinamisha pipa, chuma kinabembea, kinazungusha dinamo, na umeme unasafiri kwa waya hadi nchi kavu.

"Bahari inatikisika bure tangu dunia iumbwe," anasema. "Mimi naiomba kazi kidogo tu."

Waya unakwenda zahanati, kajengo ka vyumba viwili juu ya ufukwe. Nguzo za umeme zililetwa hapo kabla ya kura. Wakubwa wakapiga nazo picha, wakanywa soda, wakapanda magari yao. Mpaka leo nguzo zimelala majanini, wagonjwa wanazikalia wakisubiri zamu. Mama mkwe wa Fundi alifia chumba cha pili, muuguzi akimtafuta mshipa kwa tochi ya simu inayoishiwa chaji. Mazishini hakuonekana mkubwa hata mmoja.

Je, wakubwa hao wamewahi kumsaidia Fundi? Anacheka mpaka anashika mbavu.

"Waliniita ofisini. Wakaniuliza kibali cha kutumia mawimbi kiko wapi. Nikawauliza, kwani mawimbi ni ya nani? Wakasema nirudi wiki ijayo."

Leo ndiyo siku aliyomwahidi muuguzi taa. Na kule uani mwa zahanati mjamzito mmoja tayari anatembeatembea, mkono kiunoni.

"Dada, vipi?" muuguzi anaita kutoka mlangoni. "Huyu atajifungua kabla ya jioni, na dirisha langu unalijua, ni tundu tu, haliingizi mwanga!"

"Nipe dakika! Jana lilikuwa linacheza vizuri, sijui limelogwa na nani!"

Analiburuta mpaka mchangani, analipindua. Chini, mahali ambapo hakuweka kitu, kumefungwa mifuko miwili ya mchanga. Fundo analijua. Kuna mtu mmoja tu anayefunga hivyo.

"Baba!"

Baba mkwe wake, fundi mashua mstaafu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameridhika kabisa.

"Nimekusaidia, mwanangu. Jana nililiona linavyopepesuka, nikaona haya. Watu waseme kwangu kumetoka chombo kinacholewa?"

"Baba, lisipolewa hakuna umeme!"

"Maisha yangu yote sijatoa chombo kinachoyumba."

"Hiki kinaajiriwa kwa kuyumba, baba. Kikitulia, chuma hakibembei, taa ya chumba alimofia mama haiwaki."

Mzee anageukia zahanati. Anatazama dirisha la chumba cha pili.

"Kumbe nimemzimia taa mwenzangu," anasema.

Anainuka, anachomoa kisu, na fundo ambalo hajawahi kulikata mtu analikata mwenyewe. Kisha anakunja suruali na kuingia majini, upande mmoja yeye, upande mwingine mkwe wake. Wimbi linalipiga pipa kofi. Linainama, linageuka, linainama tena.

"Imewaka!" muuguzi anapiga kelele. "Jamani, naona mpaka kucha zangu! Mlete mama mjamzito, mlete!"

Fundi Friji anakaa mchangani, nguo zikichuruzika maji, anacheka na kujifuta macho. Anasema anataka maboya mengine manne, yatoshe kuendesha friji ya chanjo. Friji ataitengeneza mwenyewe. Yeye hawasubiri wakubwa tena.

Mzee bado yumo majini, anayafuata kwa macho yale madansi ya pipa kama mtu anayejifunza kusoma upya.

"Hayo manne usiyaguse," anasema bila kugeuka. "Nitayaunda mimi. Na yatayumba, mwanangu, mpaka hili lako lione wivu."