Mugumo wa Dirishani

Wakazi wa mtaa wa Bahati na ulimwengu kwa jumla mnaarifiwa: chumba changu kina msitu.

Msitu wenyewe ni bonsai mmoja, mti uliodumazwa makusudi, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, dirishani.
Nafasi mnaijua: kitanda, stovu, basi.
Nilianza na jakaranda, ikapukutisha majani kwenye ugali. Mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, ndio ulioukubali mkebe, nami nikawa naupogoa kwa mkasi ubaki mdogo.

Leo mama mkwe amekuja kutoka Murang'a, mara ya kwanza tangu binti yake aolewe nami, Mluhya.
Akauona mti. Akauona na mkasi.

"Nani anakata mugumo?"

Mke wangu akaninong'oneza, "Umetumaliza. Kwetu mugumo haukatwi, wazee walisali chini yake."
Sasa ndipo ananiambia!

"Ni mimi, mama."

Mama akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.
"Mtu wa Kakamega amelaza mugumo chumbani kwake! Huyu ni wetu. Lakini mwanangu, usiukate tena."

Nikaapa. Tukanywa chai, akatuombea, akaniita mwanangu mara ya pili.
Jamani, nashukuru mpaka basi.

Mwenye ushauri aseme.
Mugumo usiokatwa hupita nyumba zetu hizi za kaunsili kwa urefu.