Mpishi Aliyechorwa Mara Moja

Ukimwona Orito Yasuji pale mtaani Ogikubo, mfuko wa mboga mkononi, humdhanii kitu. Mzee mfupi, koti la kijivu, kofia imemkaa kichwani kama aliokota kwenye treni. Lakini akiingia dukani akasema, "Nipe tofu kipande kimoja," watoto wote wanageuka. Maana sauti ile ni ya Genpachi, mpishi wa meli ya angani, na Japani nzima usingepata mtoto asiyemjua Genpachi.

Ndiyo kazi yake, kuwatia watu wa katuni sauti. Ujanani alikuwa wa jukwaani, kwenye kikundi kilichokuwa na waigizaji wengi kuliko watazamaji. Televisheni zilipoingia majumbani, zikaja zile filamu za Marekani za bastola na farasi, zikatafutwa sauti za kuzisemea Kijapani. Orito akawa anapigwa risasi kila wiki. Alikufa sana yule bwana. Alikufa akiwa sherifu, akafa akiwa mwizi wa farasi, na kuna filamu alikufa mara mbili kwa sababu mwenzake alikuwa na mafua.

Halafu akapewa Genpachi. Ile katuni mwanzoni haikupata watu, ikafutwa katikati na wala hakuna aliyeiulizia. Iliporudiwa mchana, vijana wakaipapatikia mpaka wenye kiwanda cha katuni wakashangaa. Walimpendea Genpachi kicheko chake. Meli inapigwa mizinga, nyota zinalipuka huko nje, yeye yuko na mwiko wake mbele ya sufuria ya wali, anacheka. Kicheko kinaanzia tumboni, kinapanda, kinakwama kidogo kooni kama gari bovu kwenye mlima, halafu kinaachia.

Baridi ya mwaka ule mkewe Kinuyo akafariki. Aliugua kidogo tu, akaenda.

Orito hakulia. Wala hakuwa anajikaza, maana mtu anayejikaza unamwona shingo. Yeye alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila mguu unaupigapiga unaamka. Asubuhi alimwekea mkewe kibakuli cha wali mbele ya picha, akafukiza ubani, halafu naye akala wali uleule na mboga ya siki, bila kujua kama siki ilikuwemo. Jioni alikaa na televisheni. Ukimuuliza kilichoonyeshwa hakwambii.

Siku yake moja yenye jina ilikuwa Alhamisi, siku ya studio. Alhamisi ananyoa ndevu, anapanda treni, anashuka kile chumba cha chini ya ardhi kule Yotsuya, anavua viatu ili visigonge sakafu, anakaa kwenye kiti chake. Mtu anamwambia, "Simama hapa, sema hivi." Hilo tu. Zile siku nyingine sita zilikuwa kama ukuta.

Sasa ikaja habari ya filamu kubwa. Itatoka majira ya joto, na vuli itaanza katuni mpya ya kila wiki, meli mpya na vijana wapya. Filamu ndiyo daraja: inachukua watu wa hadithi ya zamani, inawavusha kwenye mpya. Si wote watakaovuka. Wengine wataachwa sayari fulani walee watoto, wengine watalipuka. Genpachi je? Hapo waandishi wakagombana, nusu wanasema avuke, nusu wanasema afe, watu walie, tiketi ziuzike. Hawakuelewana, basi wakaandika miisho miwili.

Bwana Tsuyuki, msimamizi wa sauti, mtu mnene mwenye penseli sikioni, ndiye aliyempa Orito karatasi.

"Orito-san, leo utanifia, halafu utanifufukia."

"Kipi kinaanza?"

"Anza kufa, ukiwa bado hujala. Tutarekodi zote mbili. Itakayotoka vizuri ndiyo itakwenda."

"Vizuri kwa nani?"

"Usiniumize kichwa. Kwa masikio yangu."

Orito akazisoma karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu baridi, kitu kikamgusa, kidogo sana, kama mtu anayebisha nyumba ya jirani. Alielewa kwamba akifa vizuri, vuli hana Alhamisi.

Kijana Hatano, anayemsemea nahodha, akamsogelea. Alikuwa mrembo wa uso na mwepesi wa machozi, mashabiki wake wa kike walimngoja nje ya mlango wakati wa mvua.

"Mwalimu, kufa kwako kuwe kubaya," akamnong'oneza.

"Nini?"

"Kufa ovyo. Kohoa katikati. Nitakusaidia, nitakosea maneno yangu."

"Ukikosea maneno, tutarudia mpaka usiku, na mimi nitakufa mara kumi. Kaa kimya, mtoto."

Taa zikazimwa. Na ujue wachoraji walikuwa wamechelewa, kama kawaida yao. Kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha hakukuwa na meli wala nyota wala mpishi. Ni weupe mtupu, na mistari ya rangi: mstari wa buluu ukitokea, nahodha anasema, mwekundu ukitokea, Genpachi anasema, mstari ukipotea, funga mdomo. Huyo mtu mzima anauaga ulimwengu huku anaangalia mchirizi wa wino.

Genpachi anakufa jikoni, sufuria imepasuka, moshi. Anamwambia nahodha wali umeiva, wasiuache ukaungua. Orito alisogea kwenye maiki na soksi zake, akasema. Sauti ilitoka imelala, haina kitu ndani. Hakuigiza, ndiyo aliyokuwa nayo. Mstari mwekundu ukapotea, akafunga mdomo. Hatano akaanza kulia kabla zamu yake haijafika, ikabidi warudie sehemu yake.

"Hiyo nzuri," Tsuyuki akasema kwenye kipaza sauti.

Orito akajua ameharibu: amekufa vizuri.

Basi ikaja ile ya kuishi. Hapa sufuria inapasuka, lakini Genpachi anatoka kwenye moshi mweusi kama mkaa, anawatazama vijana wa meli mpya waliokuja kumwokoa, anacheka. Kicheko chote, kirefu. Na kicheko, tangu Kinuyo aondoke, hakijamtoka hata mara moja. Hata cha adabu, cha kumwitikia mwenye duka.

Mstari mwekundu ukatokea. Orito akasimama tu.

"Tumekwama?" Tsuyuki akauliza.

"Mara moja tena."

Mstari ukatokea tena, ukaisha tena. Mara ya tatu Orito hakungoja kitu kije. Alifanya kama fundi anavyofungua kufuli ambalo ufunguo wake umepotea: akaligusa tumbo, akasukuma pumzi kutoka chini, akaihesabia, akaibana kooni pale inapokwama kila siku, akaiachia. Kikatoka kicheko cha Genpachi, kizima, na mikunjo yake yote. Watu wa mitambo nyuma ya kioo wakacheka nao. Mmoja akapiga makofi, jambo ambalo kwenye studio ile halifanywi.

Ndani mwake hamkutikisika hata unywele. Lakini kicheko kilikuwepo, kwenye mkanda.

"Hiyo sasa," Tsuyuki akasema. "Hiyo ndiyo."

Orito akavaa viatu, akanunua viazi vya kukaanga kwa muuza nyama, akaviweka mbele ya picha ya mkewe. Akaiambia picha, "Nafikiri nimevuka." Viazi vikapoa, akavila.

Wiki mbili baadaye Tsuyuki akamwita mkahawani. Mtu wa studio akikuita mkahawani, ujue habari haisemeki studio. Kahawa ikaja. Tsuyuki akaitia sukari, akakoroga, akatia tena.

"Unajua kicheko chako kina urefu gani?"

"Kirefu."

"Kile kicheko, Orito-san, kinataka tumbo litikisike, ndevu zitikisike, mashavu, mwiko mkononi, na moshi nyuma yake. Wachoraji wamekaa wakahesabu. Kule watu wanalala chini ya meza na penseli bado iko mkononi. Siku ya filamu haisogei, mabango yamekwisha kubandikwa."

"Na kufa?"

Tsuyuki akakitazama kikombe chake. "Kufa ni mchoro mmoja. Amelala, kofia imemfunika uso. Wanauweka chini ya kamera, wanausogeza polepole, basi."

"Hata mdomo hautikisiki?"

"Kofia, nimekwambia."

"Aha," Orito akasema.

"Kicheko kilikuwa bora. Nataka ujue hivyo. Masikio yangu yalikichagua."

"Aha."

"Nitukane basi, bwana. Nimwagie kahawa."

"Imepoa," Orito akasema, akainywa yote.

Filamu ikatoka. Foleni ilizunguka jengo, watoto wamelala na mablanketi barabarani. Orito hakwenda. Aliyekwenda ni Sadako, dada wa mkewe, mama wa maneno mengi, ambaye jioni alimjia na biringanya za kupika na macho mekundu.

"Shemeji, umekufa vizuri," akasema, hata kuketi hajaketi.

"Asante."

"Nimelia. Ukumbi mzima ulilia, kuna baba mmoja alitoka nje. Nimelia kuliko nilivyomlilia dada yangu, na naona aibu kuja mbele ya picha yake."

"Yeye hana neno."

"Wewe je? Wewe hujalia hata kwenye mazishi. Watu wa kwetu walisema."

"Walisema nini?"

"Walisema, huyo ni mwigizaji, asingeweza hata kuigiza kidogo?"

Orito akalifikiria hilo kwa haki. "Hawakunipa mstari," akasema.

Sadako hakujua mstari gani, akadhani mzee anaanza kuchanganyikiwa, akamkatia biringanya vipande vidogo kama mtoto.

Vuli ikaingia. Alhamisi ya kwanza ya katuni mpya, hakuna aliyempigia Orito simu. Angepigiwa ya nini, kwenye meli mpya chakula kinapikwa na mashine, na mashine yenyewe haisemi. Asubuhi akanyoa. Akapanda treni. Akashuka ngazi za Yotsuya.

Viti vya studio vina desturi yake: wakubwa ndani, wageni mlangoni, ili wafungue na kufunga. Orito akakaa mlangoni. Vijana wapya wakajua wamepewa heshima fulani wasiyoielewa, wakasimama ukutani wote. Hatano alipoingia akamwona, akabaki na mkono kwenye kitasa.

"Mwalimu, wamekuita?"

"Hapana."

Hatano akatazama huku na huku. Halafu akainama sana, akapita.

Tsuyuki akatoka nyuma ya kioo. Akasimama mbele ya Orito na penseli yake sikioni.

"Nani kakwambia uje?"

"Alhamisi," Orito akasema.

Tsuyuki angeweza kumwambia aende. Kila mtu aliona anatafuta pa kuanzia. Mwishowe akasema, "Kuna umati bandarini, wanaiaga meli. Simama na wale watoto nyuma. Mnong'ono mnong'ono tu, neno lisisikike."

Wakasimama sita nyuma ya maiki. Bandari ikatokea kwenye kitambaa, safari hii imechorwa na rangi imepakwa. Wakaanza kunong'ona, safari njema, rudini salama, vitu vya namna hiyo. Tsuyuki akakata.

"Namsikia Genpachi."

Wakarudia. Orito akaipandisha sauti juu, akaibana puani.

"Bado namsikia. Orito-san, yule amekufa, nchi nzima imemwona. Hawezi kusimama bandarini."

"Nitashusha."

Akashusha. Wakarudia, wakakatwa. Akashusha tena. Mara ya nne Tsuyuki hakukata. Mkanda ukaenda, meli ikapaa, umati ukaaga mpaka mwisho, na nyuma ya kioo kidole gumba kikainuliwa.

Msichana aliyesimama karibu na Orito, mgeni wa siku ile, alimtazama kwa pembeni wakati wa kurekodi. Baadaye aliwasimulia wenzake kwamba mzee alikuwa anafungua mdomo na kuufunga vizuri kabisa, kwa mwendo wa maneno, na hakuwa anatoa hata pumzi.

"Wiki ijayo pia kuna umati," Tsuyuki akamwambia mlangoni, bila kumtazama.

"Saa ileile?"

"Ileile."