Maharage Yote Yalikwenda Kwenye Bomba la Baba Mkubwa

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje. Waambie tu ni Kilosa, upande wa Kidodi. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, sijaolewa, na haya nayaandika nikiwa nimejifungia chooni.

Kazi yangu ni kuzunguka mashuleni kupima kama mafunzo ya afya ya uzazi waliyopewa wasichana yamewaingia. Safari hii nimepangiwa kijiji alikonilea baba mkubwa baada ya baba kufariki. Yeye ndiye aliyenisomesha, na mdogo wangu wa kidato cha kwanza bado anaishi kwake. Ana mashamba ya miwa, ana bomba la maji uani, wasichana wa jirani wanachota bure. Kijiji kizima kinamwombea dua. Basi nikafikia kwake, ningelala wapi tena?

Leo wasichana wamejibu maswali ya karatasi vizuri mno. Hedhi wanaijua, Ukimwi wanaujua, kusema hapana wanajua. Nikajisemea, mradi umefaulu huu. Likaja zoezi la mwisho: wachore kijiji chao chini kwa kijiti, halafu kila mmoja aweke punje za maharage pale anapoogopa kupita. Nilitegemea njia ya kwenye mashamba ya miwa, kule yanakopita malori. Wapi! Wakatazamana. Mmoja akainama, akaweka punje zake kwenye bomba la baba mkubwa. Wa pili naye. Wa tatu naye. Jamani! Wote wanajua ninapolala, na bado waliweka pale pale.

Mdogo wangu peke yake alibaki na maharage mkononi. Nikamwambia, "Weka na wewe, mdogo wangu."

Akaniuliza taratibu, "Dada, sisi tunaolala humo ndani tunaweka wapi?"

Nikampigia mama, yuko Mikumi anauza chakula, nikamweleza yote. Nilidhani atapiga yowe. Akasema tu, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Aliyekusomesha ndiye unataka kumpeleka polisi?" Hakuniuliza hata kama ni kweli. Hakushangaa, ndugu zangu! Hilo ndilo linaloniua.

Jioni hii tumekula wote. Nilimpa baba mkubwa shikamoo, akaitikia marahaba kwa bashasha zake zile zile. Akauliza, "Eti leo mlichora ramani? Na kwangu mmepachora?" Mdogo wangu akaacha kula. Baba mkubwa akamsogezea mboga. "Kula, mama. Kesho dada yako akishaondoka, mimi na wewe tutaongea."

Gari la ofisi linanifuata asubuhi. Kazini utaratibu ni kuripoti, lakini mwenyekiti wa kijiji na baba mkubwa ni chanda na pete. Mtoto huyu simwachi hapa, hilo nimeapa. Lakini nikimchukua nampeleka kwa nani, kwa mama asiyeshangaa? Na wale wenzake watakaokuja kuchota maji kesho, je? Mnaosoma hapa, nawaomba kwa Mungu, niambieni nianzie mlango gani kabla hakujakucha.