Shuka Lililorudi Vipande Saba

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya pamba yenye unyevu hunipandisha hasira. Wengine, najua, huwakumbusha sikukuu na nguo mpya. Mimi hunikumbusha Bi Rukia, na naomba mnivumilie, maana amekwisha kufa, na marehemu hasemwi vibaya. Lakini hili nitalisema.

Nilikuwa na miaka minane, Kilwa Kivinje. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake saba waliokutana kila Alhamisi alasiri barazani kwa Bi Rukia kushona mashuka ya viraka: vipande vya kanga vilivyounganishwa, na chini yake kitambaa cha marekani. Kila mmoja alikuja na kazi yake ya wiki, akaitandaza mkekani, kisha wenzake wakaishambulia bila huruma. "Mama Saidi, mshono huu ulikuwa unamkimbia nani?" Vicheko vilisikika mpaka sokoni. Mimi nilikaa nyuma ya mama nikitafuna kashata, na kwa kukaa pale nilizijua kanga za wanawake wale kama nilivyozijua sura zao.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, walishona shuka moja la sadaka, la mzazi asiye na uwezo. Hapo mama alikuwa na sharti lake. Alipanda gari mpaka Kilwa Masoko kuomba mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani mmoja, mabaki ambayo hakuna mtu wa Kivinje aliyewahi kuyavaa. "Mtu ajifunike, alale," alisema. "Asijulikane kafunikwa na nani."

Mwaka ule Bi Rukia akalipinga. Masoko kufuata nini, na kila nyumba ina kanga kuukuu? Kila mtu alete yake. "Tena watu waone," akasema, "ili na wengine wapate moyo wa kutoa." Mama alibisha peke yake. Wale wengine watano waliinamia sindano zao, maana baraza lilikuwa la Bi Rukia na kahawa ilikuwa ya Bi Rukia. Mwisho mama naye akakata kanga yake ya bluu. Bi Rukia alitoa ya zambarau yenye michoro ya korosho, aliyoivaa harusi zote za mji, akahakikisha inakaa katikati.

Aliyepewa aliitwa Mwanaidi, binti wa Kimatumbi kutoka vilimani, mumewe kaenda Dar es Salaam akanyamaza huko. Alikuwa amepanga chumba mtaa wetu na ndiyo kwanza amejifungua. Bi Rukia alilipeleka shuka mwenyewe, mchana kweupe, akiwa amelitandaza mabegani kama bibi harusi, na vigelegele nyuma yake. Mwanaidi alilipokea kwa mikono miwili. "Ahsanteni, mama zangu," akasema, basi.

Siku alipolifua na kulianika, sisi watoto tulilizunguka pale kwenye kamba tukaanzisha mchezo. Mmoja anagusa kiraka, mwingine anamtaja mwenyewe. Na bingwa, jamani, nilikuwa mimi. "Hiki cha mama Saidi! Hiki cha Bi Rukia! Hiki cha mama yangu, alikichana kwenye msumari!" Nilipaza sauti mtaa mzima usikie. Wanawake waliokuwa wanapita walisimama wakacheka, mmoja akanisifu nina akili. Mwanaidi alitoka na mtoto mgongoni. Hakutugombeza. Alilianua shuka likiwa bado linachuruzika maji, akaingia nalo ndani.

Siku ya tatu alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa amelifumua lote. Kila mlango alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akamkabidhi mwenyewe kipande chake, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa. Kwetu mama hakuwepo, nikakipokea mimi. "Mpe mama," aliniambia. "Mwambie Mwanaidi anashukuru." Alinitazama kidogo, akaongeza, "Na wewe, ahsante."

Bi Rukia aliwaka. "Shukrani ya punda ni mateke!" alipiga kelele barazani, na mimi nilikuwa upande wake kabisa. Nilichukia kweli. Kanga ya mama yangu ilikatwa kwa ajili ya yule mtu, halafu anairudisha kama mtu anayerudisha sahani! Niliposema hivyo nyumbani, mama alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu. Kisha alikaa mlangoni na kile kipande cha bluu, akakigeuza nyuma na mbele, akapitisha ukucha ukingoni. Sikujua alikuwa anatafuta nini. Wiki iliyofuata Mwanaidi alirudi kwao, na mama hakwenda tena barazani.

Kipande kile nilikiona tena nilipokuwa mtu mzima, nami nimeshajifunza kushona. Ukingo wote, pale sindano za wale saba zilipokuwa zimepita, ulikuwa umekunjwa na kupindwa upya ili usifumuke nyuzi. Mishono ilikuwa midogo, imenyooka, huioni mpaka usogeze macho. Mama aliniambia vyote saba vilikuwa hivyohivyo. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alipinda vipande saba kwa siku mbili, na hakuna hata mmoja kati ya wale wa barazani ambaye angeweza kushona vile.

Tulijua amekimbiwa na mume, tulijua hana shuka, tulijua anatoka vilimani. Aliishi mtaani kwetu miezi saba, milango mitatu kutoka kwenye lile baraza. Hakuna aliyemwambia: Mwanaidi, njoo ukae, ushone na sisi.