Mgeni Aliyenyimwa Kimanga

Krismasi iliyopita mtoto wa kaka yangu alitualika kula katika hoteli moja ya porini, nje ya Voi, nami nikaharibu sherehe ya watu. Wacha nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue mwenyewe kama nilikosea.

Tulikuwa tumepanga foleni, sahani mkononi. Mhudumu, kijana mtanashati, alifunua chungu akasema kwa fahari, "Na hapa, mama, tuna kimanga, muhogo uliopondwa na kunde. Chakula cha asili cha Wadawida." Nyuma yake wageni walikuwa wamejazana dirishani wakiwapiga picha ndovu waliokuja kunywa maji. Nikachota kidogo, nikaonja palepale. Kilikuwa laini kama uji wa mtoto, na kilinuka maziwa ya mkebe. Nikakitazama kile chungu, nikawatazama wale ndovu, na hasira iliyonipanda ilinitisha hata mimi. Nikaweka sahani, nikatoka nje.

Yule mtoto wa kaka yangu alinifuata. "Shangazi, si ni chakula tu?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Miaka ya sabini, baba yangu alikuwa karani wa reli hapo Voi. Shule zikifungwa Desemba, tulipanda lori la mwenye duka mmoja tukaenda kwa nyanya, mama yake baba, kule Rukanga chini ya mlima Kasigau. Barabara ile haikuwa barabara. Mvua ikiwa imenyesha tulishuka kusukuma zaidi ya tulivyopanda, na tulifika tukiwa wekundu kwa matope, kila mtu kama aliyefinyangwa upya. Nyanya alitupokea mlangoni na kata ya maji. Hakumuuliza mtu habari kabla hajanywa.

Sheria yake ya Krismasi ilikuwa moja: kinachopikwa siku hiyo kitoke katika shamba lake, na kiwe cha kwanza kuvunwa msimu huo. Kunde za vuli zingeweza kuwa zimekaza wiki nzima, lakini hatukuruhusiwa kuchuma hata ganda moja mpaka asubuhi ya mkesha. Sisi watoto tulizunguka shamba lile kama mbuzi waliofungwa kamba. "Acheni," alisema. "Tumbo linalosubiri linajua kushukuru."

Mkesha ukifika, tulichuma kunde kwa vikapu na kung'oa mihogo. Kulipokucha nyanya alianza na kunde, akazichemsha kwenye chungu kikubwa cha udongo mpaka zikafunguka. Kisha alipanga vipande vya muhogo juu yake, akafunika kwa majani ya mgomba, akapunguza kuni. Hapo ndipo harufu ilipobadilika, ukasikia utamu wa muhogo ukishuka ndani ya kunde. Maji aliyamimina kando, hakuyatupa, kwa sababu kimanga kikikaza sana yalihitajika tena. Alikiponda kwa mwiko mzito wa mti, akiwa amepiga magoti, chungu kimebanwa kati ya mawe, naye akihema na kuimba chinichini nyimbo za kanisani. Samli ilitiwa mwisho. Hakupenda kimanga laini. "Meno mmepewa ya nini?" alituuliza.

Na mtu yeyote aliyepita njiani siku hiyo aliitwa ndani. Muuza mitumba, mchunga ng'ombe aliyetoka mbali, hata jirani ambaye alikuwa hasemezani naye kwa ugomvi wa mpaka. Ulikula kwanza, maneno baadaye. Simjui mtu aliyetoka kwa nyanya yangu na njaa.

Isipokuwa mmoja.

Mwaka mmoja mvua ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kunde zilitambaa mpaka kwenye njia. Lakini siku mbili kabla ya mkesha ndovu waliingia kutoka nyikani. Watu wazima walikesha wakipiga madebe na kurusha vijinga vya moto, na kulipokucha tulitoka kutazama. Nilitarajia kuona shamba lililoliwa. Nikaona shamba lililokanyagwa. Kunde zilikuwa zimesagwa ndani ya matope, mihogo imeng'olewa, ikatafunwa nusu na kutupwa, na nyayo zilijaa maji, kila moja ningeweza kuketi ndani yake. Nyanya hakulia. Alikunja kanga kiunoni, akainama, akaanza kuchakura matopeni kwa mikono. Mama yangu akainama kando yake, nasi tukafuata. Tulipata kunde za kujaza kikapu kidogo, na vipande vya mihogo ambavyo ilibidi kukata sehemu zilizochubuka.

"Inatosha," nyanya alisema. "Krismasi itapikwa."

Siku yenyewe tuliporudi kutoka kanisani tulikuta gari la serikali uani. Afisa wa wanyama pori alikuwa amekuja kutazama hasara, viatu vyake viking'aa. Majirani walikusanyika. Baba alimtolea kiti kizuri, kile cha kuegemea.

"Pole sana, mama," afisa alisema. "Lakini ndovu ni mali ya taifa. Wanaleta wageni kutoka ng'ambo. Na niwakumbushe, mtu akimgusa hata mmoja kwa mshale, atafungwa. Nyinyi mngewasha moto, mngepiga madebe."

"Tumepiga mpaka yakatoboka!" jirani alipaza sauti.

"Basi labda mmelima njia yao."

Nyanya alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Njia yao?" aliuliza. "Mama wa mume wangu amezikwa hapo, kwenye hiyo njia yao."

Afisa akatazama saa, lakini hakuondoka. Kimanga kilikuwa kinanukia, na kila mtu Kasigau alijua desturi ya nyumba ile. Baba akampa mama ishara. Mama akapakua sahani, akaweka na paja la kuku juu, akanipa nipeleke. Nilikuwa katikati ya ua nyanya aliponifikia. Aliichukua ile sahani mikononi mwangu, taratibu, kama unavyomchukua mtoto aliyelala.

"Mama," baba alisema kwa sauti ya chini, "mgeni ameketi. Na ni mtu wa serikali. Mimi pia ni mtu wa serikali."

"Mgeni huja na njaa yake," nyanya alimjibu. "Huyu amekuja na ya ndovu. Nao wameshakula."

Akageuka akampa sahani yule jirani wa ugomvi wa mpaka. Afisa akainuka, akapangusa suruali, akaingia garini. Baba akainamisha uso. Kwa muda mrefu niliamini ni aibu. Siku hizi nadhani alikuwa na hasira kama sisi, ila yeye alikuwa na mshahara wa kulinda.

Hakuna aliyerudi kutuambia lolote. Mwaka uliofuata ndovu walikuja tena, na safari hii hawakuacha hata cha kuchakura. Baba akamleta nyanya mjini, kwenye nyumba za reli. Shamba likawa kichaka. Ile mbegu ya kunde zake, nyekundu zenye jicho jeusi, ilikwisha, kwa sababu mbegu isiyopandwa hufa hata ukiihifadhi kwa majivu. Najua kupika kimanga kile. Najua kila hatua. Lakini nikipika kwa kunde za sokoni Voi, napika cha mtu mwingine, na sasa hata jina lake limewekwa kwenye meza ya watu wanaolipa kuwatazama ndovu wakinywa maji. Hapana, rafiki yangu, siwachukii wanyama. Ndovu hajui shamba la nani. Yule wa viatu vinavyong'aa alijua.

Krismasi ya kwanza mjini mama alipika wali, mchuzi wa nyama, na mkate wa kununua. Nyanya aliketishwa mbele. Alikula kidogo, akaweka kijiko.

"Chakula ni kizuri," alisema. "Kimetoka shamba la nani?"

Tulitazamana. "Kimetoka dukani, mama," mama yangu akasema.

Nyanya akafikiri. Kisha akakishika tena kile kijiko.

"Basi tuleni upesi," alisema, "kabla mwenye shamba hajaja."

Baba alicheka. Nyanya hakucheka.